Kungoja Mwale Urudi Juu

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na nane alasiri. Nina hakika na dakika hizo kwa sababu baba wa mtoto mwenyewe alizisoma kwenye saa ya ukutani, akaziandika, nami nilikuwa nimekaa hatua mbili nyuma yake. Binti yake wa miaka tisa alikuwa mkekani mbele ya televisheni, akitazama lori alilolichora kwa mkono wake likivuka kioo kutoka kushoto kwenda kulia. Alikuwa akicheka. Kicheko kikakatika, shingo ikageuka upande kama mtu aliyeitwa, akaanguka chali na mikono ikaanza kuupiga mkeka.

Baba yake hakupiga kelele. Aling'oa waya wa umeme ukutani, akapiga magoti, akamlaza mtoto kwa ubavu na kumwekea kiganja chini ya kichwa. Kisha akatazama saa. Majirani waliposikia kwamba mtoto ameanguka na baba akatazama saa, walimsema kwa muda mrefu. Mimi niliyekuwapo naweza kusema kwamba mkono uliokuwa chini ya kichwa cha mtoto haukuondoka hapo mpaka mtoto alipotulia.

Timbwani yote, mtaa wetu wa Likoni, ilimwita Fundi. Palikuwa na mafundi wengine, wa baiskeli, wa cherehani, wa majiko, lakini wao waliitwa kwa kazi zao. Yeye aliitwa Fundi tu, na kila mtu alijua ni nani. Alitengeneza televisheni na redio katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chumba chenye dirisha moja na meza mbili, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoingia hata katika kanzu yake ya Ijumaa. Mimi nilikuwa karani wa ghala huko Changamwe, mtu wa miaka ishirini na saba, sina elimu zaidi ya kidato cha nne na vitabu nilivyojisomea. Yeye aliniita Karani, na mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyelitamka neno hilo likanifanya niinue kichwa upesi namna ile.

Alikuwa na desturi ya kufanya kazi kwa mkono mmoja. Kila alipofungua mgongo wa televisheni iliyowashwa, mkono wa kushoto aliutia mfukoni, na haukutoka humo mpaka amemaliza. Nilipomwuliza, alinijibu bila kunitazama.

"Umeme wataka njia, Karani. Mkono mmoja si njia. Mikono miwili ni njia, na katikati ya njia hiyo pana moyo wako."

Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza bei ya sukari. Baadaye nikaona kwamba hata alipozungumza na watu wenye hasira mkono ule wa kushoto uliingia mfukoni wenyewe.

Kulikuwa na mambo ndani yake yasiyopatana. Aliishi kwa televisheni za watu lakini sebuleni mwake hapakuwa na hata moja. Angeweza kubishana nusu saa na muuzaji juu ya shilingi mbili za waya, kisha akamtengenezea redio mama mjane na kumwambia ilikuwa imelegea skrubu tu. Hakuikosa sala ya alasiri msikitini, ila siku akiwa na hesabu kichwani alirudi mbio na viatu vya mtu mwingine. Na alikuwa mkali juu ya maneno. Mteja akisema televisheni yake "inasumbua sumbua", Fundi alikunja mikono.

"Yasumbua vipi? Mara ngapi kwa dakika? Ikianza, ni juu ama chini? Rudi nyumbani ukaitazame, kisha uje unambie."

"Ala, Fundi, mie ni daktari wake?"

"La. Wewe ndiye unayelala nayo nyumba moja."

Watu walicheka, wakarudi nyumbani, wakatazama.

Kompyuta ile ililetwa na baharia mmoja wa mtaani. Aliinunua ng'ambo, akakuta hapa hakuna aliyejua la kufanya nayo, akampa Fundi iwe malipo ya televisheni mbili zilizotengenezwa. Ilikuwa ndogo kama sinia ya kuandalia kahawa, yenye vibonye vya mpira, na haikuwa na kioo chake. Uliichomeka katika televisheni ya kawaida, na programu ukazihifadhi katika kaseti zile zile za kusikilizia taarabu. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Mimi nilisoma Kiingereza kuliko yeye, naye alizijua televisheni kuliko kitabu, basi kila Alhamisi baada ya kazi nilipita kwake tukasoma pamoja.

Binti ndiye aliyetuchorea picha. Alipewa daftari la hesabu lenye miraba, akajaza miraba kwa penseli, na sisi tukaigeuza miraba ile kuwa tarakimu. Alichora lori la mizigo lililosheheni magunia, na juu ya kichwa cha lori akasimamisha kuku.

"Kuku huyu afanya nini hapa?" baba yake aliuliza.

"Asafiri, baba."

"Amelipa nauli?"

"Ni kuku wa dereva."

Kuku akabaki. Katika matoleo yote yaliyofuata kuku hakuondolewa, ingawa alitugharimu tarakimu kumi na sita katika mashine isiyokuwa na nafasi.

Ili msomaji aelewe jambo lililomtafuna mtu huyu, sharti nieleze televisheni inavyochora. Haiiweki picha yote kwa pamoja. Mwale mmoja mwembamba hupita juu ya kioo mstari baada ya mstari, kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayesoma ukurasa. Ukifika chini huruka kurudi juu na kuanza tena, mara hamsini kwa kila sekunde. Programu yetu ya kwanza ililifuta lori zima, kisha ikalichora upya hatua moja mbele. Kati ya kufuta na kuchora, mwale ulipita ukakuta kioo kitupu. Jicho likaona lori, giza, lori, giza. Fundi aliita hali hiyo kupepesa. Na kama lori lilibadilishwa wakati mwale uko katikati ya kioo, nusu ya juu ilibaki ya zamani na nusu ya chini ikawa mpya, magurudumu yametangulia na kichwa kimebaki nyuma. Hiyo aliiita kukatika.

Kwangu mimi haya yalikuwa makosa ya urembo. Kwake yeye, tangu saa ile ya alasiri, hayakuwa ya urembo tena.

Hakujua mara moja. Daktari alisema ni kifafa, akaandika vidonge. Shangazi wa mtoto, mwanamke wa Likoni ya zamani aliyezoea kusikilizwa, alisema ni pepo na kwamba mashine ile ya baharia ndiyo iliyomwingiza nyumbani. Fundi hakumbishia yeyote kati yao. Vidonge alivinunua. Ubani wa shangazi ukafukizwa. Lakini alifungua daftari lenye jalada jeusi, akalichora mistari ya safu: siku, saa, umbali, mwanga, mara ngapi, na safu ya mwisho aliyoipa jina la "kwa nini".

"Pepo hataki kuandikwa daftarini," shangazi alimwonya.

"Basi na aje alisome, shangazi, aseme ni wapi nilipokosea."

Mara ya pili mtoto alianguka mbali na mashine. Fundi alikuwa amempakia nyuma ya baiskeli wakirudi kutoka dukani, jua limeshuka, wakapita kando ya ua mrefu wa boriti za mkoko. Jua lilikuwa upande wa pili wa ua. Mtoto alilegea akateleza, na baba akamdaka kwa gauni lake. Alipomfikisha nyumbani na mtoto akalala, Fundi alirudi pale penye ua peke yake na utepe wa kupimia. Alihesabu boriti tatu katika kila mita. Akaendesha baiskeli tena mara tano kwa mwendo ule ule, akijipima kwa saa, akapata mita nne kwa sekunde. Jua lilikuwa limempiga mtoto usoni mara kumi na mbili kila sekunde. Akaja kwangu moja kwa moja, jasho bado shingoni.

"Lori letu, Karani. Kwa sekunde moja twalifuta mara ngapi?"

Nilikuwa nimekwisha kuihesabu zamani, kwa kujivunia kasi yake.

"Kumi na mbili."

Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wangu, akaiandika tarakimu hiyo kiganjani.

Tangu siku hiyo alibadilika kwa namna mbili. Kwanza, aliisikia taa mbovu kabla ya kuiona. Taa zile ndefu za mrija zikianza kuchoka hupepesa, na Likoni zilikuwa nyingi, madukani, madarasani, katika vyumba vya zahanati. Fundi alianza kutembea na stata za taa, vile vikopo vidogo vya kuuwashia mrija, mfukoni, tano au sita. Alisimama katikati ya mazungumzo, akapanda kiti cha mwenyeji, akaitoa stata iliyochoka na kuitia nyingine. Hakuomba ruhusa wala malipo. Nakumbuka katika arusi moja aliacha sahani ya pilau akapanda meza ya mashahidi.

"Fundi, taa yakutia homa?" mtu mmoja alimcheka.

"Yanitia hesabu," alisema, akashuka, akanawa, akaendelea kula.

Pili, alimkataza binti yake kulitazama lori likitembea. Mtoto aliendelea kuchora, na tulipohitaji picha mpya alileta miraba yake, lakini televisheni ikiwashwa alitoka nje au aligeukia ukuta. Walikuwa wamegundua kwamba akiziba jicho moja kwa kiganja mpepeso humfikia kwa nusu, basi ikawa kawaida yake kutembea barabarani karibu na nyua akiwa ameziba jicho la kulia. Watoto wenziwe walimwita Kapteni. Hakuonekana kujali. Kitu alichokijali ni kimoja, na alimwuliza baba yake mbele yangu si chini ya mara kumi.

"Baba, lori langu nitaliona lini?"

"Likitulia."

"Litatulia lini?"

"Nikilituliza."

Matoleo yalipata namba. La pili lilikuwa polepole mno. La tatu halikufuta lori zima, lilifuta ukanda mwembamba tu nyuma yake, na mpepeso ukapungua sana. La tano lilikuwa na subira: kabla ya kuchora, programu ilingoja mwale umalize ukurasa na kurudi juu, ndipo ikachora. Fundi alifikia hapo kwa sababu alikuwa fundi. Kitabu hakikueleza. Yeye aliujua mwale kama mtu anavyomjua jirani anayetoka na kurudi kwa saa zake. "Usimwingilie mtu akisoma," alinambia. "Ngoja afunue ukurasa."

Toleo la saba lilikuwa karibu safi. Nadhani lingekwisha hapo, na mtoto angeliona lori lake, lau si mimi.

Mimi ndiye niliyemleta mwenye duka mmoja. Alikuwa na duka la redio na televisheni karibu na soko la Kongowea, mahali ambapo wachukuzi wa mikokoteni na wenye malori ya bara hupita tangu alfajiri. Alikuja ghalani kwetu kutoa shehena yake, nikamweleza juu ya lori linalotembea, macho yakamng'aa. Alilitaka dukani, kwenye televisheni kubwa ya rangi inayotazama njia. Lakini alitaka lori kubwa, lijaze kioo chote.

Fundi alikubali, na najua kwa nini alikubali. Binti yake, aliyekuwa sasa na miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba, litakuwa Kongowea? Watu wote walione?"

"Inshallah," Fundi alisema, na mkono wa kushoto ukaingia mfukoni.

Lori kubwa liliharibu kila kitu. Lilikuwa na miraba mingi mno kuchorwa katika ule muda mfupi ambao mwale hurudi juu. Toleo la nane lilikatika katikati. La tisa lilikwenda vizuri kwa mwendo lakini lilikuwa likifuta kioo chote, kama lile la kwanza. Fundi alilijaribu mara moja, akahesabu, akaandika tisa juu ya kaseti na kuchora mstari chini yake, maana yake halitoki. Akaanza kutafuta njia nyingine: kulichora lori mahali pa siri katika kumbukumbu ya mashine, mahali ambapo mwale haufiki, mpaka likamilike, kisha kulihamisha kipande kwa kipande nyuma ya mwale, pale ulipokwisha kupita. Nafasi haikutosha. Alikuwa akinyang'anya tarakimu moja moja kutoka sehemu nyingine za programu. Mwezi ukapita, ikawa miezi minne.

Mwenye duka alinijia kila wiki.

"Bwana karani, huyo fundi wako lori analipika ama analizaa?"

"Anatafuta kuondoa mpepeso."

"Mpepeso ni nini? Mchukuzi wa vitunguu atasimama kuhesabu mpepeso? Mie nataka lipite tu, watu waseme duka la fulani lina maajabu. Kama hamuwezi, semeni."

Sitajitetea. Nitaeleza nilivyofanya, kwa taratibu, kama yeye alivyopenda jambo lielezwe. Fundi alipokwenda sala ya alasiri nilitia kaseti ya toleo la tisa katika redio yenye sehemu mbili za kaseti, nikainakili. Juu ya nakala nikaandika tisa kwa kalamu yangu. Nikaazima mashine kwa siku mbili nikisema nataka kujifunza, nikaijaribu nyumbani kwangu. Televisheni yangu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na kama nyumba nyingi wakati ule niliifunika kioo kwa ile plastiki ya rangi tatu, buluu juu, wekundu hafifu katikati na kijani chini, ili ionekane kama ya rangi. Tena mwanga niliuweka chini ili kuitunza. Lori likapita ndani ya ile plastiki, kubwa, laini, kama kitu kilicho chini ya maji. Sikuona mpepeso wowote. Nikajiambia kwamba Fundi amepofushwa na hofu yake, anaona mahali pasipo na kitu. Nikavuka kwa feri na kaseti, nikaenda Kongowea.

Sikuwa na shida ya pesa. Nilitaka mashine yangu mwenyewe. Nilijiambia pia kwamba nusu ya malipo nitampelekea Fundi, imshangaze. Mwenye duka alitia programu katika mashine aliyoinunua, televisheni ikawashwa. Ilikuwa mpya, pana kama meza, haikuwa na plastiki, na duka lile ndani lilikuwa na kiza. Niliona mpepeso. Niseme hivyo wazi, kwa kuwa kwa miaka mingi nilijidai sikuuona. Ulinigonga machoni mpaka nikayakunja. Mwenye duka alikuwa akicheka na kuwaita wachukuzi. Nilizipokea noti, nikatoka.

Hilo lilikuwa Jumatatu. Jumatano mkewe Fundi alikwenda Kongowea kununua nyanya za kuuza, na binti akafuatana naye kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa. Niliyapata haya kwa mama mwenyewe. Walikuwa wakipita nje ya duka, mama ametangulia na kikapu, mtoto ameziba jicho moja kwa sababu ya jua. Akasikia watu wakicheka juu ya kuku aliyesafiri juu ya lori.

"Mama, kuku wangu," alisema.

Akaondoa kiganja jichoni. Alikuwa hajaliona lori lake likitembea kwa miaka mitatu. Alijipenyeza katikati ya wachukuzi mpaka mbele kabisa, akasimama pua ikikaribia kugusa kioo.

Alianguka kwa upande wa kulia, juu ya mhimili wa mkokoteni. Kiwiko kilivunjika mahali pawili, na degedege halikukoma upesi kama mara zilizotangulia. Mama yake aliniambia kwamba alipiga kelele zimeni, zimeni, na hakuna aliyejua azime nini.

Mfupa uliungwa vibaya. Vidole vya mkono wa kulia havikukunjika tena, na mkono ule ndio uliojaza miraba.

Kabla ya kuondoka pale dukani, mama alidai kaseti. Mwenye duka alimpa. Mama akampa mumewe. Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwa Fundi kama kawaida, kwa sababu kutokwenda kungekuwa jibu. Droo ya meza ilikuwa wazi kidogo. Niliiona kaseti, na juu yake tisa yangu, yenye mkia uliopinda kushoto jinsi sisi makarani wa ghala tunavyoiandika ili isichanganywe na saba. Fundi alikuwa ameketi. Aliisukuma droo ikafunga.

"Vuta kiti, Karani," alisema. "Nimepata njia ya lile lori. Tazama hapa. Hapa ndipo programu yangoja."

Akanifundisha. Alinifundisha kwa uangalifu kuliko siku zote, akirudia mara mbili, akiniuliza kama nimeelewa. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Hilo lilikuwa toleo la kumi na mbili, na lilikuwa safi. Lori lilipita kama kitu kilicho na uzito, halikupepesa, halikukatika. Chumba cha pili mtoto alikuwa amelala na plasta mpaka begani.

Miaka kumi na moja ikapita bila yeye kuniuliza na bila mimi kusema. Mwenye duka hakupelekewa toleo hilo. Mimi niliacha ukarani, nikaajiriwa na ofisi ya kompyuta mjini kwa sababu ya yale niliyofunzwa kwenye meza ile, na kila programu niliyoiandika ilingoja mwale. Wenzangu walinicheka kwamba naandikia ankara za mizigo utulivu wa picha. Taa ya mrija ikipepesa ofisini natoka nje. Nyakati nyingine nikifumba macho mchana, nyuma ya kope lori linapita, linafutwa, linapita, na juu yake kuku.

Mara ya mwisho nilimwona Mkomani, nyumbani kwa binti yake aliyeolewa huko. Alikuwa amemfuata baada ya mkewe kufariki. Mvi zilikuwa zimeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Vuta kiti, Karani."

Binti alileta kahawa kwa mkono wa kushoto, sinia ameiegemeza juu ya ule wa kulia. Mikono ya bibi arusi mmoja ilikuwa ikimngoja uani ipakwe hina. Hiyo ndiyo kazi yake, na nilisikia kwamba watu walimjia kutoka Kisauni yote. Alikuwa amejifunza kuchora upya kwa mkono mwingine.

"Ami, umekonda," aliniambia. "Ofisi yawanyima chakula?"

"Yatunyima usingizi."

Mashine ya baharia ilikuwa mezani, vibonye vya mpira vimechakaa. Fundi aliiwasha, akangoja kaseti isome. Lori kubwa likapita. Binti alisimama mlangoni akalitazama, na niliona kiganja kimepanda chenyewe kikaziba jicho la kulia, ingawa hapakuwa na sababu tena. Alilitazama mpaka likatoka upande wa pili. Kisha akarudi uani kwenye hina yake.

Fundi alizima televisheni. Akatoa daftari lenye jalada jeusi, akalifungua mahali palipokuwa na uzi, akaligeuzia kwangu. Ulikuwa mstari wa Jumatano ile ya Kongowea. Siku ilikuwapo. Saa, tatu na dakika arobaini asubuhi. Umbali, shibiri moja. Mwanga, kiza. Mara ngapi, kumi na mbili. Safu ya mwisho ilikuwa tupu.

"Hii ilibaki wazi," alisema. "Sipendi kuandika nisilolijua."

"Ulijua, Fundi. Uliiona tisa yangu."

"Nilijua nani. Safu haiulizi nani."

Aliweka kalamu juu ya daftari. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya meza, na sikumbuki kuiona hivyo kabla ya siku hiyo. Nilitaka kumwambia juu ya plastiki ya rangi tatu, juu ya mwenye duka na kero zake za kila wiki, juu ya mashine niliyoitaka, lakini safu ilikuwa nyembamba, na hayo yote hayakuwa jibu. Pesa yenyewe ilikwisha zamani, kwa vitu ambavyo leo siwezi kukitaja hata kimoja.

Nikachukua kalamu. Chini ya "kwa nini" nikaandika: shilingi elfu moja na mia mbili.